Poste ya Asubuhi

Watoto wote wa mtaa wetu wa Kikula walimwita Madame, na mimi ambaye leo nina watoto watatu bado namwita hivyo. Jina lake nalijua, ila silitaji. Nikilitaja nitajiona kama nimemvua kitambaa kichwani mbele za watu. Alifundisha maternelle, wale watoto wa miaka minne na mitano ambao wengine hujikojolea wakisikia kengele. Walimu wengine walianza na a, e, i, o. Yeye alianza na uji.

Nasema uji, na sifanyi mzaha. Wiki ya kwanza ya shule, kabla hajagusa chaki, aliwauliza watoto mmoja mmoja wamekula nini asubuhi. Wengi walijibu chai. Chai na nini? Chai na sukari. Wachache walikuwa wamekula bukari, ugali wetu, ya jana iliyoganda kwenye sufuria. Kuna mmoja aliyesema "nilikula kesho", darasa zima likaangua kicheko, na Madame peke yake hakucheka. Alimshika mkono akamkalisha karibu na meza yake, na mtoto yule akakaa hapo mpaka mwisho wa mwaka.

Kabla sijaendelea, niseme kitu ambacho nimekikimbia miaka ishirini na mitano, maana nikianza kusimulia vijiko na mabakuli nitajificha humo. Mtoto mmoja wa darasa lake alikufa. Mtaa ulisema Madame ndiye aliyemuua, si kwa mkono wake, kwa neno lake. Mama wa mtoto alisema hivyo, majirani wakasema hivyo, na Madame mwenyewe hakukataa. Mimi nilijua zaidi ya mtaa mzima na nikanyamaza. Sasa naweza kusimulia.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita mtu wa ng'ambo ya barabara hata akiwa ameketi karibu yako. Hakupiga watoto. Alivuta sikio, tena kwa adabu, kama mtu anayejaribu kitambaa dukani. Alichukia sukari kuliko dhambi. Angeweza kuongea robo saa nzima juu ya meno yaliyooza. Halafu saa kumi jioni ungemkuta barzani kwake na kikombe cha chai chenye vijiko vinne. Nilimwona kwa macho yangu, nne, na nilipokodoa macho aliniambia meno yake yalikwisha kumaliza masomo. Kanisani alisinzia tangu somo la kwanza, na bado akawakemea vijana waliochelewa. Ndivyo alivyokuwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Neno alilolichukia ni posho. Babu zetu walipokuwa mgodini walipimiwa unga, samaki na mafuta kila wiki, na hata baada ya mambo hayo kwisha, nyumba zetu ziliendelea kukaa kama zinasikilizia gari la posho lipige honi. Mama zetu walitoka na giza kwenda sokoni au shambani. Baba zetu walikuwa Kambove au Kakanda wakichimba, na walirudi walipopata. Watoto walibaki na ufunguo shingoni, wakingoja. Madame alituuliza tulikuwa tunangoja nani. Tukisema mama, alisema mama amekwenda kututafutia chakula cha jioni, na cha asubuhi je?

"Hapa hakuna posho," alisema. "Uko na mikono mbili. Anza."

Na tulianza. Alikuwa amemwomba fundi wa mabati atengeneze babula ndogo, majiko ya makaa, kwetu makala, ya kimo cha mtoto, kwa makopo ya rangi, kila moja na mshikio wa waya. Kila mtoto aliyefikisha miaka mitano alipewa lake la kupeleka nyumbani. Kipimo chetu kilikuwa kopo la nyanya: kopo moja la unga, matatu ya maji. Unga ulichanganywa mahindi, soya na karanga, na ndizi iliyoiva ilipondwa mle ndani ili sukari isitafutwe. Alhamisi tuliongeza dagaa wa ziwa Tshangalele, waliosagwa kama vumbi. Tulitema. Alitungoja tumalize kutema, akatupa tena. Mwiko ukianguka, mtoto aliuokota, mtoto akauosha, mtoto akalia, na Madame alikuwa amekunja mikono tu. Ninawajua watu wazima wa mtaa huu, wanaume wenye ndevu, ambao hadi leo huonja uji kwa nyuma ya kijiko kwa sababu yeye alifanya hivyo.

Lakini moto ni moto, na aliuogopa. Ndiyo maana akatafuta neno ambalo hata mtoto anayenyonya wa mji wetu wa Likasi analielewa. Akasema: unapopika, uko kwenye poste. Sisi wote tulizaliwa na poste, zamu ya kiwandani, masikioni. Baba yuko poste ya asubuhi, mjomba poste ya usiku, usipige kelele, babu alikuwa poste. Mtu wa poste ni mtu wa kuheshimiwa. Madame alisimama mbele ya vitoto vile, mikono kiunoni, akatamka pole pole kama kapita, msimamizi wa kiwandani:

"Muntu wa poste hawezi kuacha mashini yake. Hapana. Anangoja mpaka mwenzake anafika."

Mwenzake tulimwita releve, kama kiwandani. Madame alichagua wakubwa waliopita darasani kwake, wa miaka minane, tisa, kumi, na kila mmoja akapewa nyumba ya jirani. Kiwanda kilipopiga king'ora cha saa moja, releve alikwenda, akapiga hodi, akaukagua uji, akayazima makala kwa mchanga, akafunga mlango, akamshika mdogo mkono mpaka shuleni. Mdogo hakuruhusiwa kuondoka kwenye moto kabla ya hapo, asije akauacha ukaunguza nyumba. Ulikuwa mpango mzuri. Nimeuwazia kwa miaka mingi nikitafuta kasoro, na kasoro niliyoiona ni moja tu.

Mimi nilikuwa releve wa Bebe.

Bebe alikuwa kitinda mimba wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, miaka mitano, sauti nyembamba, na mdomo usiofunga. Mama yake aliuza mboga. Nilimpenda yule mtoto. Naomba mtu asidhani vinginevyo. Lakini mimi ni mtu wa kununa. Mume wangu anajua, watoto wangu wanajua, hata mama mkwe amekwisha kukubali. Nikinuna, naweza kukaa siku mbili bila kumwambia mtu nipishe. Madame alikuwa na tabliye moja nyekundu, kile kitambaa cha kufunga kifuani wakati wa kupika, na kila mwisho wa mwezi alimvika mtoto aliyepika vizuri kuliko wote. Miaka miwili ya darasani kwake sikuwahi kuivaa hata mara moja. Bebe aliivaa mwezi wake wa pili. Akaja kunionyesha, akazunguka mbele yangu barzani, akasema hata mimi naweza kuigusa kama nimenawa mikono.

Asubuhi iliyofuata ilinyesha mvua ya kupiga mabati mpaka watu hawasikilizani. King'ora kilipolia nilikisikia. Sitaki kusema sikukisikia. Nilikuwa nimeketi kitandani, nimevaa sare, na nikasema moyoni: akae, ajue kwamba tabliye haizimi moto. Nikangoja mvua ipungue, nikapita upande wa pili wa barabara, nikaenda shuleni peke yangu. Madame alikuwa mlangoni akihesabu watoto. Akaniuliza Bebe yuko wapi. Nikamwambia nimepiga hodi, hakuna aliyeitika, labda mama yake amemchukua sokoni kwa sababu ya mvua. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuhesabu.

Mama yake alirudi saa sita. Bebe alikuwa ameivuta babula ndani kwa ule mshikio wa waya, kwa sababu upepo ulikuwa unapeleka mvua barzani, na alikuwa amefunga mlango na dirisha. Ile hewa mbaya ya makala haina harufu, haimwamshi mtu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, ameegemea ukuta, tabliye imefungwa vizuri. Uji ulikuwa umeiva na umefunikwa.

Nilikuwepo uani watu walipojaa. Mama wa Bebe hakuwa analia bado. Alimwendea Madame, akasimama karibu mno, akamuuliza:

"Ulimuambia mutoto wangu nini?"

Kila mtu alingoja Madame ataje mvua, ataje mlango, ataje releve. Angeweza kunyoosha kidole, nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Akajibu kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Nilimuambia asiache moto."

Hapo ndipo mama alipolia, na hapo ndipo mtaa ulipoamua. Mtu mmoja aliniuliza mimi pia, na nikarudia yale yale: nilipiga hodi, nilipiga hodi. Nililia kupita watoto wote. Wanawake walinibeba, wakaninywesha maji, wakasema masikini, moyo wa huyu mtoto. Nakumbuka nilivyoyanywa yale maji yote.

Madame hakuacha kazi. Wengi walitaka aache, na wazazi kadhaa waliwaondoa watoto wao, kisha wakawarudisha baada ya miezi michache kwa sababu hawakuwa na pa kuwapeleka. Alizikusanya babula zote, nyumba kwa nyumba, akazirudisha kwa fundi, akasimama hapo mpaka ya mwisho ikapondwa kwa nyundo. Akaanza upya bila moto. Alikaanga mahindi na soya nyumbani kwake, akasaga, akawapa watoto unga uliokwisha kuiva, unaotaka maji ya thermos tu. Akawafundisha kuponda avokado juu ya mkate, kumenya yai lililochemshwa jana, kukata papai kwa kijiko. Kipimo kilikuwa kile kile, kopo la nyanya. Lakini hakusema tena poste. Mtoto wa darasani akilitamka, labda baba yake yuko poste, Madame aligeukia ubaoni na kufuta kitu ambacho hakikuandikwa.

Pia akaanza kutembea. Asubuhi za mvua, kabla ya saa moja, alipita mtaani bila mwavuli, nguo imemganda mwilini, na kusukuma milango bila hodi. Akiingia alitazama ndani, akahesabu watoto kwa kidole, akafungua dirisha, akatoka. Hakusema habari ya asubuhi. Wapangaji wageni walidhani ana kichaa, wenyeji wakawaambia mwacheni. Kwetu alifika mara nyingi. Mimi nilikuwa nanywa uji wangu, mlango unafunguka, anasimama pale maji yanamtiririka, kidole chake kinapita kwa kaka, kwa dada, kinafika kwangu. Kila mara nilifikiri leo atasema. Alikuwa anahesabu tu, na mimi nilikuwa wa tatu.

Nyumbani kwake mlango haukufungwa tena, hata mwezi wa sita Likasi inapokuwa na baridi ya kukaza vidole. Na asubuhi hakula. Mwanamke aliyelisha nusu ya mtaa alishinda na njaa mpaka saa sita kamili, kila siku ya Mungu, na ukimpa kitu alisema bado. Mama wa Bebe alihamia kwa ndugu zake Kambove. Madame alimfuata mara mbili, na mara zote mbili alifungiwa mlango usoni. Hilo lilijulikana, na watu walilisimulia kama haki iliyotendeka.

Hivyo ndivyo nilivyokua. Niliolewa mitaa miwili kutoka hapo, nikazaa. Wanangu wawili wa kwanza walipita mikononi mwake kabla hajastaafu, na nilikuwa nikiwapeleka mpaka kona, halafu nageuka. Harufu ya makala yanayowaka ndani ya nyumba bado hunitoa nje, hata kwenye matanga, hata kwa mama yangu mzazi. Na king'ora cha saa moja, ambacho siku hizi hulia siku nyingine na siku nyingine hakilii, bado huniinua kitandani kabla sijajua niko wapi. Mume wangu husema ni mazoea. Namwacha aseme.

Mwaka huu, msimu wa mvua ulipoanza, nilichelewa kuamka. Nikamkuta binti yangu wa mwisho, miaka mitano, jikoni peke yake. Alikuwa amepanda kigoda, amenawa mikono, amejipondea avokado kwenye bakuli, amekata mkate kwa kijiko kwa sababu kisu amekatazwa. Kaka zake ndio waliomfundisha, kama walivyofundishwa na Madame. Alikuwa ameketi mbele ya bakuli bila kula. Nikamuuliza kwa nini hali. Akasema alikuwa ananingoja mimi nifike.

Sikumaliza hata kufunga kitenge vizuri. Nikamwacha na baba yake, nikaenda.

Mlango wa Madame ulikuwa wazi kama siku zote. Miguu yake haina nguvu sasa, jicho moja limeingia ukungu, lakini alikuwa amekaa na ungo mapajani, anachagua soya. Bado huwasagia watoto wa majirani. Nilitaka kuanza na salamu, habari za miguu, habari za mvua. Nikamwambia nikiwa nimesimama: sikupiga hodi siku ile. Sikufika kabisa. Nilisikia king'ora nikabaki kitandani kwa sababu ya tabliye.

Mikono yake iliacha kuchagua.

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Tisa, Madame."

"Tisa ni mutoto," akasema. Nikahisi machozi yanakuja, ya raha, naona aibu kusema. Akaendelea. "Na ulipofika makumi mbili? Ulipofika makumi tatu? Ulinipita ku barabara kila siku, na batoto bako ku mukono."

Nilipiga magoti, akaniambia niamke, sakafu ni chafu. Aliweka ungo chini, akashika ukuta, akasimama kwa shida, akaanza kutafuta mkoba wake. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kambove. Na weye."

"Leo, Madame?"

"Minye niko na leo tu."

Tulipanda gari la abiria stendi. Alikaa mbele kwa dereva, mkoba mapajani, na njia nzima hakugeuka nyuma. Mimi nilibanwa kati ya magunia na mama mwenye kuku, nikitazama kisogo chake. Nilikuwa nakipanga kile nitakachosema. Nilikipanga kwa Kiswahili, nikakipanga kwa Kifaransa, na kila nilichokipanga kilianza na mvua.

Nyumba ilikuwa mwisho wa njia ya vumbi jekundu, chini ya machimbo. Mama wa Bebe alikuwa nje anaanika mahindi. Amekuwa bibi, kichwa cheupe chote, lakini nilimjua kwa mabega. Mimi hakunijua. Alimwona Madame, akasimama wima, akayaacha mahindi yake, akaingia ndani na kuvuta mlango. Madame alibaki pale pale njiani, ameegemea mkono wangu, hakuita wala hakubisha. Nilielewa kwamba hakuja kusema kitu. Nikamwachia, nikakimbia, nikaweka mkono kwenye ubao kabla haujafika kwenye fremu.

"Mama, usifunge. Haikuwa Madame. Mwenye alipaswa kumutosha Bebe ku moto, ni minye. Sikupiga hodi. Sikufika."

Mlango haukufunguka zaidi, haukufungwa. Nilisikia anavyopumua upande wa pili. Kisha uso wake ukatokea kwenye ule mwanya, ukanipita mimi kama sipo, ukamtazama mwanamke mzee aliyesimama peke yake juani.

"Na weye," akamuuliza, "ulijua?"

"Tangu leo asubuhi," Madame akasema.